Sauti ya Marehemu Kwenye Mashine Yangu

Nilipaswa kukataa. Mke wangu aliponiletea simu ya marehemu mume wake wa kwanza na kuniomba nihamishe sauti iliyokuwa ndani yake niiweke kwenye kompyuta yangu, jibu jema lilikuwa hapana. Ningemwambia aende kwa katekista wetu, mtu mpole, mwenye kompyuta, asiye na sababu ya kumwonea wivu yeyote. Badala yake nilinyoosha mkono nikasema, "Lete hapa." Nilisema haraka, kama mtu anayepokea mzigo mwepesi.

Uhuru wa Sudan Kusini ulikuwa na miezi michache tu. Bendera za barabarani zilikuwa hazijapauka, na sisi tuliorudi kutoka Kenya tulikuwa bado tunaulizana nani amerudi na nani amebaki. Mimi nilirudi na kompyuta ya mezani, printa na cheti cha sekondari. Nikafungua kibanda katika soko la Konyo Konyo: kuchapa barua, kutoa kopi, kuchaji simu, kujaza nyimbo kwenye memori kadi za watu. Mke wangu wa kwanza alifia ukimbizini bila kuniachia mtoto. Huyu wa pili tulikutana kanisani hapa Juba. Naye alikuwa mjane, na alikuwa na binti wa miaka kumi na minne, mzaliwa wa Kenya, anayeongea Kiswahili cha mitaa ya huko kwa kasi ambayo mara nyingine iliniacha nyuma. Tulikodi vyumba viwili mtaa wa Buluk. Ndoa yetu ilikuwa katika mwezi wake wa tano niliposikia habari za ile simu.

Alikuwa ameificha ndani ya kopo la majani ya chai, imefungwa kwa leso. Simu ndogo ya vitufe, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa kwa mpira kwa sababu betri ilikuwa imevimba. Aliiweka mezani kati ya vikombe vyetu.

"Hii itakufa wakati wowote," aliniambia. "Na wewe ndiye unajua mambo ya kompyuta. Tena lugha yake unaielewa, mimi siielewi. Nihamishie, halafu uniandikie majina kwenye daftari."

"Majina gani?"

"Ya watu wa huyu mtoto."

Nilielewa. Kwetu, kijana akitaka kuoa, wazee wa pande mbili hukaa na kutaja watu. Baba wa baba ni nani, mama wa baba alitoka ukoo gani, na mama wa yule mama je. Wanarudi nyuma hivyo hivyo mpaka pumzi iwaishie. Wakikuta pande mbili zimegusana mahali, hata huko nyuma kabisa, maneno yamekwisha, kila mtu anachukua kiti chake. Watoto wa ndoa ya namna hiyo hawakai, ndivyo tunavyoamini, na nimewaona watu wenye digrii za Nairobi wakinyamaza kimya jambo hilo likitajwa. Msichana asiyejua watu wa baba yake ni vigumu kuolewa na mtu wa kwetu, awe mzuri namna gani.

Marehemu alikuwa wa mwisho kwao. Vita vya zamani viliwamaliza baadhi, kambi ikawamaliza waliobaki. Alipolazwa katika hospitali moja ya Kenya na kujua kwamba hatatoka, aliomba simu, akaanza kumwongelea binti yake. Simu ile ilikuwa inakata kurekodi kila baada ya saa moja, kwa hiyo alikuwa akibonyeza upya. Ndiyo maana kulikuwa na faili nne, kila moja na namba tu, bila jina. Salamu na hadithi alizisema kwa Kiswahili, lugha waliyotumia nyumbani kwao. Majina ya ukoo aliyasema kwa lugha ya kwao, kama yanavyopaswa kusemwa. Mke wangu na binti walikuwa wakisikiliza sehemu za mwanzo tu. Hizo nyingine zilikuwa zinamngoja mtu wa kuzifasiri. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Niliipeleka simu kibandani asubuhi. Nikatoa memori kadi yake, nikaichomeka kwenye kompyuta, faili nne zikatokea. Kazi ya dakika chache. Ningefanya hivyo na kumaliza, leo nisingekuwa na kitu cha kuandika. Lakini nilivaa spika za masikioni.

Faili ya kwanza ilianza na mtu anayekohoa, kisha sauti nzito, ya polepole, sauti ya mtu mwenye nafasi. Akamsalimia binti yake. Akamwambia asilie, kwa sababu akilia hatasikia vizuri. Halafu akasimulia jinsi siku moja alivyojaribu kupika chapati, na chapati zile zikakataliwa hata na mbwa wa jirani. Na hapo, nyuma ya sauti yake, nikamsikia mwanamke akicheka.

Mwanzoni sikumtambua. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshika mbavu, kinachokatika na kuanza tena, na katikati yake akasema, "Wewe, nyamaza, manesi watatufukuza!" Ndipo nikajua ni mke wangu. Nilikuwa nimeishi naye miezi mitano na sikuwa nimewahi kusikia sauti ile. Kwangu alikuwa akitabasamu. Alikuwa akisema "asante, Mzee" na kunijazia chai. Huyu mtu alikuwa anakufa, ana mipira puani, na alimchekesha hivyo.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nilirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Wateja walikuja, nikawaambia mashine ina kazi.

Faili ya pili nilifika katikati tu. Alikuwa akimshauri binti kuhusu shule, kuhusu marafiki. Kisha akasema, kwa utulivu uleule: "Na mama yako akiolewa tena, mheshimu huyo mzee. Usimsumbue. Mwambie mimi nimemkaribisha."

Nilivua spika. Najua mtu mwingine angelia kwa kusikia maneno hayo, angemshukuru Mungu. Mimi niliona nimekaribishwa katika nyumba ninayolipia kodi mwenyewe. Mtu aliye kaburini ananipa ruhusa ya kulala kwenye kitanda changu! Nikatoka, nikasimama nje juani. Faili ya tatu na ya nne, zenye majina, sikuzifungua siku hiyo.

Jirani yangu wa kibanda alikuwa mama kutoka Uganda, fundi wa simu, mwenye mikono midogo kama ya mtoto na ulimi usio na breki. Nilipokaa tena alikuwa amekuja kuazima bisibisi, akasimama nyuma yangu. Akaona ninavyofanya: badala ya kunakili zile faili, nilikuwa nazikata kutoka kwenye kadi ili zibaki kwenye mashine yangu peke yake.

"Mzee, wewe iko nakata? Kwa nini nakata? Fanya kopi. Weka moja huku, moja huku, moja kwa flashi."

"Ni mambo ya nyumbani."

"Ya nyumbani ndiyo nafanya kopi tatu! Ni sauti ya nani?"

Sijui kwa nini nilimwambia. "Ya mume wake wa kwanza."

Akanitazama, akaanza kucheka. "Aa, ssebo! Mwanaume mzima naogopa maiti? Mtu amelala huko Kenya, atakuja kukuibia bibi namna gani?"

"Rudi kwenye kazi yako," nikamwambia, na yeye akarudi akicheka na bisibisi yangu mkononi.

Alikuwa na haki ya kucheka. Lakini kwangu mimi kila kopi ilikuwa nyumba nyingine ya yule bwana. Moja kwenye kopo la chai, moja kwenye flashi ya binti, moja kwenye simu mpya. Nikakata. Mstari wa kijani ukajaa polepole mara nne, na kadi ikabaki tupu. Kisha nikafanya jambo ambalo nilijisifu nalo moyoni kama zawadi: nikaijaza ile kadi tenzi za kanisani, mpaka nafasi ya mwisho, nikaitia kwenye simu mpya ndogo niliyomnunulia mke wangu.

Alifurahia simu. Alibonyeza, akatafuta, akainua macho.

"Na ile sauti?"

"Iko kwangu, salama. Simu ni kitu cha kupotea, cha kuanguka majini. Mkitaka kusikiliza, tutasikiliza wote pamoja kibandani."

"Na daftari?"

"Nitaandika."

Jumapili iliyofuata baada ya ibada waliniomba twende. Nikasema jenereta haina mafuta. Jumapili nyingine spika ilikuwa na hitilafu. Nyingine nilikuwa naumwa kichwa. Binti, ambaye wakati huo aliniita Mzee kama mteja tu, alisema siku moja tukila, "Mzee, hiyo compu yako iko na visingizio mob kuliko mwanafunzi wa boarding." Mama yake alimkanya, lakini nilimwona akiinamisha uso kuficha tabasamu. Lile tabasamu pia liliniuma. Niliona wako upande mmoja, wawili na yule wa tatu, na mimi niko upande wa pili wa sahani.

Baada ya miezi kadhaa waliacha kuomba. Niliona nimeshinda. Mke wangu hakuwa amesahau; alikuwa amechoka kuomba, na kwa wivu wangu niliona hayo ni mamoja. Mara moja moja, mvua ikinyesha na soko likiwa tupu, nilifungua faili ya kwanza peke yangu nikasikiliza kile kicheko. Sikumpa yeye asikilize, nikasikiliza mimi. Nikifika mahali pa chapati nilikuwa nabana meno. Faili za majina niliziacha vilevile. Kuandika majina yale kulimaanisha kukaa saa mbili nikitii sauti yake, nikiandika anachosema, kama karani wake. Nilikuwa nimekuwa karani wa ghala miaka kumi na moja ukimbizini. Nilijiambia nimemaliza kuwa karani wa watu.

Ndipo, miaka miwili baada ya ile simu, Desemba ikaja. Jumapili jioni tulisikia milio kutoka upande wa kambi ya jeshi, tukadhani ni sherehe ya askari, na asubuhi tukajua si sherehe. Siku nne hatukutoka. Tulilala sakafuni sisi watatu, godoro limesimamishwa dirishani, tukila biskuti na maji ya pipa. Siku ya pili mlio mkubwa ulipita karibu sana na paa, binti akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Baba, usitoke. Baba." Hakuwahi kuniita hivyo. Kwa miaka iliyofuata hakurudi kwenye Mzee. Nilibaki nimelala pale sakafuni, mji unaungua, na mimi nina furaha. Hilo pia naliandika kwa sababu ni kweli.

Siku ya tano nilitembea mpaka Konyo Konyo. Mlango wa kibanda ulikuwa umeng'olewa. Printa haipo, kompyuta haipo, hata kiti. Ilibaki kalenda ukutani na nyaya zilizokatwa. Nilisimama pale, na kabla ya huzuni, kabla ya kufikiri nitakula nini, nilipumua. Kitu kilinishuka mabegani. Ameondoka, nilifikiri. Ameondoka, na si mimi niliyemtoa.

Huzuni ilikuja baadaye, nilipofika nyumbani na kusema kompyuta imeibwa. Mke wangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuuliza kuhusu biashara.

"Ulikuwa umeandika?" akauliza. "Hata ukurasa mmoja?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na sita sasa, na kile anachokingoja kilikuwa usoni mwake wazi.

"Nilikuwa nimeanza," nikasema. "Kurasa chache. Nimeziweka."

"Mungu ni mwema," alisema mke wangu, na akalia kwa shukrani.

Vita vilinifunikia kosa langu. Mji mzima ulikuwa umeporwa. Nani angeniuliza mimi? Niliacha vita vibebe lawama, na nikaongeza uongo juu yake.

Nilijaribu kurekebisha kwa siri. Nilimwomba yule mama fundi, ambaye alikuwa amejificha mtaa wa Hai Amarat kwa ndugu yake anayepika hotelini na kurudi sokoni na mfuko mmoja wa vifaa. Nilichukua simu ya mke wangu nikimwambia naenda kuichaji, nikampelekea fundi ile kadi. Aliichomeka kwenye kompyuta ndogo ya kuazima, akahangaika nayo mchana mzima. Mwishowe akaichomoa.

"Mzee, kama kadi hii ungeacha tupu, mimi ningejaribu. Kitu ikikatwa haiendi mbali mara moja. Lakini wewe naweka nyimbo juu yake mpaka najaa. Kwisha." Safari hii hakucheka. "Malesh, Mzee," akanipa pole kwa Kiarabu cha Juba, na kunirudishia kadi mkononi, akinikunjia vidole juu yake.

Wiki kadhaa baadaye niliiona kompyuta yangu. Ilikuwa upande wa pili wa soko, juu ya meza ya mtu anayejazia watu nyimbo, kazi yangu ileile. Niliitambua kwa kibandiko cha ua ambacho binti alikuwa amekibandika pembeni. Nikamwambia yule mtu sitaki ugomvi, sitaki mashine, nataka kuangalia tu kama kuna faili zangu.

"Mafi," alisema. Hakuna. "Nilinunua kwa mtu. Nikafuta yote, nikaweka upya. Angalia mwenyewe, mzee."

Niliangalia. Nilitafuta kwa zile namba nne. Zilikuwepo nyimbo za Kongo na za Kampala, mamia kwa mamia.

Miaka miwili na zaidi ilipita. Binti alimaliza masomo, akapata kazi ya kupokea wageni katika zahanati ya kanisa. Hapo akakutana na kijana, mwuguzi, aliyerudi kutoka Kenya kama sisi, mtu wa kwetu kabisa. Walipendana bila kelele. Kijana alikuwa akija Jumapili kusalimia, anakaa kwenye ukingo wa kiti, anakunywa soda kidogo kidogo. Nilimpenda. Na yeye akafanya jambo jema, akasema watu wake watakuja.

Mke wangu alifurahi mpaka akaimba akifua. "Baba," alisema, maana na yeye sasa aliniita hivyo kwa ajili ya binti, "tuna bahati uliandika zile kurasa. Nimewaambia watu wa kijana kwamba majina yapo. Uyatoe Jumamosi."

Nilikuwa na siku sita. Ningeweza kusema ukweli katika yoyote ya siku hizo, chumbani, sisi wawili. Siku ya nne nilinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, nikalisugua jalada lake kwenye vumbi ili lionekane la zamani. Nikaketi nyuma ya kibanda kipya cha kukodi nikaandika. Mke wangu alijua jina la marehemu na la baba wa marehemu, hayo yalikuwa ya kweli. Mengine niliyatunga. Naijua lugha ile; najua namna majina yao yanavyofuatana, koo zao zilikaa mlima upi na kijito kipi. Nilitunga mababu watano na mabibi saba. Nilijiambia sijamdhuru mtu. Kama damu zinagusana Mungu ndiye ajuaye, na kama hazigusani basi nimesaidia. Lakini chini ya hayo kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa tamu: mimi ndiye niliyekuwa nampa yule binti ukoo wake. Kila jina lilitoka kwenye kalamu yangu, na yule bwana hakuwa na neno.

Jumamosi walikuja watu kumi na mmoja. Tulikodi viti na turubai. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mzee mrefu mcheshi.

"Tumekuja na njaa," alisema alipokaa, "na harufu ya mbuzi tumeisikia tangu barabarani, msitufiche. Lakini njaa ya kwanza ni ya majina. Tulisheni hayo kwanza, meno yetu yapate nguvu."

Watu wakacheka. Walitaja wa kwao, shangazi mmoja akimrekebisha mjomba kila mara: "Umeruka mtu! Huyo unamwacha kwa sababu alikuwa mlevi?" Kicheko tena. Kisha zamu yetu ikafika, mke wangu akanitazama, na nikasimama na daftari.

Nilisoma jina la baba. Nilisoma jina la babu. Nikasoma jina la tatu, la kwanza kati ya yale niliyoyatunga. Nikainua macho kupumzika, nikamwona binti.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mama yake, macho yameshuka kama inavyopasa, na midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa anarudia. Nikisema jina, analisema baada yangu bila sauti, mara mbili, mara tatu, alishike. Alikuwa amengoja majina haya tangu ana miaka kumi na miwili. Lile jina la uongo lilikuwa tayari liko kinywani mwake, na angelibeba maisha yake yote, angewafundisha watoto wake.

Nilifunga daftari.

"Endelea, mzee," alisema mjomba.

"Siwezi. Haya mengine nimeyatunga."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini mahali fulani nyuma. Nikasema yote, nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili ili binti na mama yake wasikose hata neno. Nikasema sauti haikupotezwa na vita peke yake. Nikasema niliikata kwenye kadi kwa makusudi, nikaweka nyimbo juu yake, nikawanyima kuisikia miaka miwili wakati mashine iko mezani kwangu, na kwamba sikuandika hata jina moja. Mjomba akauliza kwa upole kwa nini. Nikasema nilimwonea wivu marehemu. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa natamani mtu acheke.

Wageni walizungumza kando, kisha mjomba akarudi, akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hawana ugomvi na nyumba yetu, wala na msichana. Alisema tukimpata mtu yeyote wa upande wa baba yake, hata kikongwe mmoja, watarudi. Walikula kidogo kwa heshima, wakaondoka jua likiwa bado juu. Kijana alikuwa wa mwisho kutoka. Alimtazama binti, akafungua kinywa, shangazi yake akamgusa begani.

Mke wangu alikunja mikeka. Nilimfuata nikaanza kusema. Hakugeuka.

"Ungeniambia hutaki," alisema. "Siku ile ya kwanza. Ungesema tu hutaki, ningepeleka kwa katekista. Nisingekukasirikia hata siku moja."

Binti hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu, akiwa mlangoni. "Ulisikia mpaka wapi?"

Nikamwambia: mpaka katikati ya faili ya pili.

"Kwa hivyo majina hukuyasikia kabisa."

"Sikuyasikia."

"Sawa, Mzee," akasema.

Julai milio ikaanza tena. Safari hii watu wa Buluk hawakungoja. Mke wangu na binti walipata nafasi kwenye lori la kanisa hadi mpakani, na kutoka huko wakaingia Uganda. Waliniambia nibaki kuangalia vitu, na mimi nilijua kwamba nyumbani hapakuwa na kitu cha kuangaliwa. Nilibaki. Mwanzoni mke wangu alipiga simu kuniambia wamefika, wamepewa eneo na turubai. Baadaye alipiga mara chache, kisha akaacha. Katekista wetu, ambaye huenda huko kila baada ya miezi, ameniambia kwamba binti hutembea kutoka kibanda hadi kibanda akiwauliza wazee sana walitoka wapi na kama waliwahi kumjua mtu wa jina la babu yake. Nyuma ya hilo hana jina jingine la kuulizia. Hajampata mtu. Yule mwuguzi alingoja mwaka na nusu, akaoa kwingine.

Sasa nina zaidi ya miaka sitini na mitano, na bado nachapa barua za watu. Nimeandika haya bila kujipunguzia. Ule wivu ulinigharimu mke wangu, ambaye yu hai na hataki kuisikia sauti yangu. Ulinigharimu mtoto wa pekee aliyewahi kuniita baba. Na yeye ulimgharimu ndoa aliyoitaka na watu wote wa baba yake, ambao hakuna mtu aliyebaki hai anayeweza kumtajia.